Mahari Iliyotetemeka

Mdomo ndio uliomponza Shema, tusimtafute mwingine wa kulaumu. Alikuwa ameketi vizuri ukweni, kule Nyakarenzo, soda mbele yake, magoti yamebanwa pamoja kama alivyofundishwa na mama yake, na mazungumzo ya mahari yalikuwa yanakwenda kwa upole kabisa. Wajumbe wa upande wake walikwisha kusema kwamba ng'ombe yupo. Anaitwa Gaju, rangi yake kahawia iliyoiva, na anatunzwa na mjomba Byiringiro huko Butare, ile Butare yetu ya hapa Rusizi. Shida ni kwamba ana mimba kubwa, na daktari wa mifugo amekataza asipakiwe kwenye lori wala asitembezwe milimani mpaka azae. Mzee Kamali, kaka mkubwa wa baba wa bibi harusi, ambaye ndiye mkaguzi wa ng'ombe katika ukoo ule, akasema angekwenda kumtazama huko huko aliko, ila nyonga yake imegoma kupanda mlima.

Wazee wakanyamaza wakitafakari. Kimya cha wazee ni kitu kizuri, na mtu mwenye akili hukiacha kilivyo. Shema akakivunja. Akasema yeye ana droni. Atairusha na kamera yake juu ya zizi, na wazee watamwona Gaju kwenye televisheni, mbele na nyuma na kutoka juu, jinsi Mungu mwenyewe anavyomwona kila siku.

Tumukunde, ambaye ndiye aliyekuwa akiolewa, alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Alifumba macho. Yeye alikuwa anaijua ile droni.

Basi na wewe uijue. Shema ni kinyozi, ana kibanda chake Kamembe, na kwa kunyoa hana mpinzani. Lakini kila mtu ana ugonjwa wake, na wa Shema ulikuwa kurusha. Alinunua vipande Kigali, akaviunganisha mwenyewe chumbani, akaomba ruhusa akapewa, akafunga kamera ndogo chini ya tumbo la hicho chombo, na siku ya kwanza kabisa akakigonga kwenye mparachichi wa jirani. Moja ya mapanga yake, yale yanayozunguka juu, lilikatika ncha. Shema akalibandika kwa gundi. Tangu hapo droni iliruka, hilo hakuna wa kulikana, lakini iliruka ikinguruma kama mtu anayelala chali.

Jumapili familia nzima ya Nzabonimana, baba yake Tumukunde, ilikusanyika mbele ya televisheni. Shema alichomeka kadi yenye filamu aliyoipiga kule Butare, akasogea pembeni kwa unyenyekevu wa mtu anayesubiri kupigiwa makofi.

Gaju alitokea, na ilikuwa afadhali asingetokea. Miguu yake ilicheza kama uji uliomwagwa kwenye sahani. Pembe zilipinda kulia, zikapinda kushoto. Mgongo ulipitiwa na mawimbi kutoka shingoni mpaka mkiani, na nguzo za zizi nyuma yake zikawa zinaogelea. Kisha ng'ombe mwenyewe akainua mkia na kukimbia, akiwa bado anatetemeka, na mtoto mmoja aliyekuwa sakafuni akaanza kulia.

Sasa ni lazima umwelewe Mzee Kamali. Miaka ya nyuma, ukoo huo ulipokea ng'ombe wa mahari ya binti mwingine, ng'ombe mnene, mwenye manyoya yanayong'aa. Aliingia kwenye lango, akatetemeka mara moja, akaanguka, akafa mbele ya wageni na wapiga ngoma. Tangu siku hiyo hakuna anayenunua hata kuku kwenye ukoo ule bila Mzee Kamali kumkagua kwanza. Kwa hiyo alipoona kutetemeka, hakuhitaji kuona kingine.

"Zima," alisema. "Ile ngombe iko mugonjwa."

Shema alijitetea. Alieleza kwamba ng'ombe ni mzima, kinachotetemeka ni kamera.

"Miye naona miguu ya ngombe njo iko natetemeka," alisema Mzee Kamali. "Kamera iko na miguu?"

Shangazi mmoja alitoa maoni kwamba pengine mnyama alilishwa machicha ya pombe ya ndizi, mwingine akasema hapana, hiyo ni homa, angalieni macho. Nzabonimana, ambaye ni mtu mpole na alimpenda Shema, alijaribu kuleta masihara, lakini kaka yake alikwisha kukata shauri. Sherehe ni Jumamosi. Kama kufikia Ijumaa jioni hajaoneshwa ng'ombe anayesimama kama ng'ombe, hakuna sherehe, na watangoja mpaka Gaju azae na kuja Nyakarenzo kwa miguu yake mwenyewe. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, akaomba chai.

Kungoja peke yake kusingemuua Shema. Lakini kila mtu alijua kwamba mpakani Ruhwa kulikuwa na mfanyabiashara wa mchele, mtu wa makamo, mwenye lori lake na ng'ombe wasio na mimba, ambaye alikwisha kutuma salamu kwa Mzee Kamali zaidi ya mara moja. Mpe mtu kama huyo miezi miwili ya nafasi uone. Shema alirudi Kamembe.

Usiku Tumukunde alimpigia simu. Hakumlaumu, na hilo lilimwumiza zaidi.

"Shema, miye siwezi kuolewa na muchele," alimwambia. "Tengeneza ile kintu yako."

Asubuhi Shema alikwenda kwa Sultani. Sultani ni fundi cherehani, kibanda chake kiko ubavuni mwa kile cha Shema, na ni Mwislamu wa wale wa Kamembe wa tangu babu, wenye kujua kila mtu na deni lake. Huvaa miwani ya jua asubuhi, mchana na ndani ya nyumba, na akiulizwa kwa nini, hujibu kwamba macho ya fundi yana heshima yake. Aliitazama filamu kwenye simu, akacheka mpaka akaketi chini, kisha akasema jambo lenyewe ni jepesi. Kinachotetemeka hufungwa.

Wakaifunga. Walizungusha mpira wa baiskeli, wakaongeza utepe wa umeme, wakaongeza uzi wa kushonea magunia, mpaka kamera na droni vikawa kitu kimoja kisichoweza hata kupumua. Waliirusha juu ya shamba la mihogo la Maman Drocella, mama yake Shema. Filamu ya safari hii ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Mihogo yote ilikuwa inachemka, na Maman Drocella, aliyepita katikati na jembe begani, alionekana na viuno vitatu. Alipooneshwa alikasirika sana.

Wakakaa wakafikiri. Sultani akasema hii ni sawa na mtu anayeendesha baiskeli iliyong'olewa kiti. Kila jiwe la barabarani linampasha habari moja kwa moja. Kamera nayo ilihitaji kiti. Hapo akakumbuka gunia lake la sponji za mabegani. Wateja wake huleta makoti ya zamani, yale yenye mabega mapana kama mlango, wakitaka yapunguzwe, na Sultani hatupi kitu. Wakakata vipande vinne vya mabega ya watu, wakavibandika kati ya kamera na droni, na safari hii hawakukaza.

Mawimbi yalipungua, sifa ziende zinakostahili. Lakini sasa kamera, nyepesi ilivyokuwa, ikawa inaitikia kwa kichwa muda wote, juu chini, juu chini, kama mzee wa kanisa anayesinzia wakati wa mahubiri. Na chini ya kule kuitikia mtetemo mdogo ulikuwa bado upo. Shema alianza kumwona mtu wa mchele kila alipofumba macho, akishuka kwenye lori lake na kofia.

Alirudi kazini bila moyo. Kulikuwa na mteja anamsubiri, mwalimu fulani, akamfunga kitambaa shingoni na kuanza kumnyoa. Walipofika nusu ya kichwa, mashine ya kunyolea ikaanza kunguruma. Kila mashine hufanya hivyo ikichoka, na mkono wa Shema ulijua la kufanya bila kumwuliza mwenyewe. Ukachukua bisibisi, ukazungusha skurubu kidogo, ngurumo ikaisha. Ukarudi kichwani.

Kisha ukasimama hewani. Shema aliona aibu peke yake. Miaka yote hiyo, mashine ikinguruma, hajawahi hata siku moja kukifunga kichwa cha mteja kwa kamba, wala kukiwekea mto. Hutengenezwa kile kinachonguruma. Na yeye na Sultani wamehangaika na kamera, ambayo haijamkosea mtu, wakati mapanga yanawacheka huko juu.

Alitoka mbio na mashine mkononi. Mwalimu alimfuata akiwa na kitambaa shingoni, upande mmoja wa kichwa ukiwa na nywele na mwingine ukiwaka jua, akitaka kujua kama ndiyo mtindo mpya.

Waling'oa mapanga yote. Sultani alitoa sindano yake ndefu ya magodoro, wakaipitisha kwenye tundu la panga, wakaishika ikiwa imelala. Panga zuri likiwekwa hivyo hubaki sawasawa, mabawa yote mawili yakilingana, kama mizani ya dukani kwa mtu mwaminifu. Lile la mparachichi lilianguka upande mmoja papo hapo. Ile gundi, ambayo Shema aliipaka kwa ukarimu, ilikuwa imeliongezea bawa moja uzito wa bure, na kila lilipozunguka lilikivuta chombo kizima huku na huku. Wakabandika kipande cha utepe kwenye bawa jepesi, Sultani akakipunguza na mkasi, wakajaribu, akapunguza tena, ulimi nje, kama anayetengeneza kifungo cha shati la harusi. Mwisho panga lililala na likakaa. Mwalimu, ambaye naye alikwisha kuingia kwenye jambo lenyewe, ndiye aliyepiga makofi.

Droni ilipopaa, sauti yake haikuwa ngurumo tena. Ilikuwa mvumo mwembamba. Filamu nayo ilitulia, ila palipokuwa na jua kali mawimbi membamba yalibaki, kwa sababu kamera ikipata mwanga mwingi hunyakua picha haraka haraka na kila kamtetemo hukamatwa kalivyo. Palipokuwa na kivuli hayakuonekana. Shema alipolieleza hilo, alikuwa anamtazama Sultani machoni, au tuseme anaitazama ile miwani.

Sultani alikataa. Akakataa tena. Akaitaja familia yake na hadhi yake mtaani. Shema akamtajia mchele wa Ruhwa. Mwishowe Sultani aliivua mwenyewe, akang'oa kioo kimoja, akakibandika mbele ya kamera kwa mikono ya mtu anayezika, kisha akaivaa tena ikiwa na kioo kimoja kilichobaki. Hivyo ndivyo alivyotembea Kamembe wiki ile, na hakuna aliyethubutu kumwuliza.

Ijumaa walikwenda Butare kwa pikipiki mbili. Shema alikuwa amevaa suti yake ya sherehe, kwa sababu Maman Drocella alisema kamera haina adabu, inaweza kumwonesha mtu yeyote, na mkwe haonekani ovyo. Mjomba Byiringiro alimtoa Gaju kwenye zizi, akamwachia kwenye kiwanja kidogo chenye ua nyuma ya migomba. Walirusha mara moja kwa majaribio. Mawimbi yalikuwa yamekwisha kabisa, lakini kule kuitikia kwa kichwa kulikuwa bado kupo, kwani sponji ni laini na kamera haina uzito wa kuikalisha. Byiringiro alisema kitu chepesi hutulizwa kwa kuongezewa mzigo, na alipotazama huku na huku akaona kilichokuwa karibu, akainama kwenye hori, akavunja kipande kizuri cha jiwe la chumvi. Wakakifunga kwenye kitambaa, wakakitundika chini ya kamera. Kamera ikakaa kimya kama mtu aliyeshiba.

Walikuwa wanaume watatu wazima, na mmoja wao amefuga ng'ombe tangu akiwa na meno ya utoto. Hakuna aliyejiuliza ni nani anayekula chumvi.

Droni ikapaa. Safari ile ya kwanza Gaju alikuwa amekimbia, maana ngurumo yake ilikuwa ya nzi yule mkubwa anayeuma, na ng'ombe akimsikia huyo hangoji salamu. Leo alisikia mvumo tu, akabaki amesimama, akitafuna. Shema aliizungusha polepole, ubavu, mgongo, ubavu wa pili. Kisha upepo ukageuka. Gaju akaacha kutafuna, akainua pua. Akaanza kuja.

Shema akairudisha droni nyuma, naye akaifuata. Akaipeleka kushoto, naye akaenda kushoto, tumbo lake kubwa likibembea, shingo imenyooka, ulimi umetoka wote. Byiringiro alikuwa anapaza sauti kwamba ana mimba, ana mimba, kana kwamba droni ndiyo iliyokuwa haijui. Shema alipiga goti kwenye majani na suti yake, rimoti mikononi, akiomba kwa lugha zote alizosikia utotoni Bukavu, ng'ambo ya mpaka. Mwisho alifanikiwa kuipandisha juu, mbali na ule ulimi, ikakaa huko angani kwa muda hadi betri ilipolia, akaishusha. Jua lilikuwa linainama. Hapakuwa na nafasi ya kuitazama filamu wala kurudia. Walichukua kadi, wakapanda pikipiki.

Nyumba ya Nzabonimana ilikuwa imejaa kuliko Jumapili. Mzee Kamali alikuwa kwenye kiti chake, fimbo kati ya magoti. Shema alichomeka kadi na safari hii hakusogea pembeni kwa unyenyekevu, alishikilia ukuta.

Gaju alitokea, na alikuwa ng'ombe. Miguu minne, imesimama. Pembe mbili, zimenyooka. Nguzo za zizi zilikuwa nguzo, unaona hata misumari. Kamera ilimzunguka taratibu, na chumbani kukatokea ule mnong'ono wa watu wanaoridhika. Shema akaanza kupumua. Kisha Gaju akaja. Pua yake ilijaa kwenye kioo, mashimo yote mawili, na nyuma yake ukaja ulimi, wa kijivu, mrefu, wenye mate, ukitafuta. Ulifunika televisheni nzima, kisha ukainuka na kuacha meno ya chini wazi. Haukutetemeka hata kidogo. Shangazi yule wa machicha alishika mdomo, na Shema akaona ndoa yake inalambwa mbele ya macho yake.

"Simamisha hapo," alisema Mzee Kamali.

Picha ikasimamishwa. Mzee aliinuka, nyonga na yote, akaiendea televisheni, akainama mbele ya kinywa cha Gaju kilichokuwa wazi. Alifuta vumbi kwenye kioo kwa mkono wa koti. Akaanza kugusa meno ya chini kwa kidole, moja moja, akihesabu kimoyomoyo. Ukitaka kujua umri wa ng'ombe hutazami manyoya yake, hayo yanaweza kuoshwa. Unatazama meno, na hakuna aliyewahi kumwonesha Mzee Kamali meno kwa uwazi namna ile, bila kung'atwa vidole. Aliyahesabu tena. Akasema huyu ni mtamba, mimba yake ya kwanza, mwenye afya kuliko wengine waliomo humu ndani. Nzabonimana alicheka kwa sauti. Mzee akarudi kitini, akaruhusu filamu iendelee.

Kamera ilipanda. Gaju akawa mdogo, kisha kikaonekana kiwanja, migomba iliyotulia, ua, mlima wa Butare ukiwa na mashamba yake mazuri, vyote vimekaa mahali pake kama vilivyopigwa misumari. Na pembeni mwa migomba alikuwapo mtu mmoja aliyepiga goti kwenye majani, amevaa suti. Dunia nzima ilikuwa imetulia isipokuwa yeye. Suruali yake ilikuwa inapepea na upepo umekwisha. Mabega yalikuwa yanacheza. Rimoti ilikuwa inarukaruka mikononi mwake kama samaki aliyevuliwa sasa hivi.

Watu waliangalia kwa muda mrefu. Tumukunde alikuwa ameweka sinia chini.

"Na ile muntu," aliuliza Mzee Kamali, "juu ya nini iko natetemeka?"

Sultani, kutoka nyuma ya kioo chake kimoja, alifungua kinywa aseme ni kamera. Shema akamwahi.

"Njo miye, Mzee," alisema. "Kamera iko muzima. Nilikuwa naogopa mutaninyima Tumukunde."

Alisema hivyo tu, na hakujua tena pa kuweka mikono. Mzee Kamali alimtazama aliyekuwa kwenye televisheni, akamgeukia aliyekuwa ukutani, akamshusha macho polepole kutoka kwenye tai mpaka kwenye suruali yenye madoa ya majani, iliyokuwa bado haijatulia.

"Ngombe nimeikubali kwa meno yake," alisema. "Huyu namukubali kwa magoti yake."